Dodoso la Michezo Chuoni Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukisoma chuo Marekani, siku moja utaikuta barua pepe ikikuomba ujaze dodoso: unapenda mchezo gani, uliucheza wapi, ungependa kuuchezea chuo? Wengi huipita kama wanavyozipita barua za maktaba. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudiwa na wanafunzi, na pia na wazazi walioko nyumbani wanaopigiwa simu kuulizwa, "Mama, hili nijaze?" Ukiwa na haraka, soma swali la 7 na la 9, mengine yatasubiri.

## Mwanzo wa mambo

1. Dodoso hili la michezo ni la nini?

Chuo kinataka kujua kama wapo wanafunzi, hasa wanawake, wanaotamani mchezo ambao chuo hakina timu yake. Majibu huingia kwenye mafaili. Siku chuo kikiulizwa na serikali au mahakama, kwa sheria iitwayo Title IX, kwa nini wanaume wana nafasi nyingi za michezo kuliko wanawake, dodoso ni moja ya karatasi kitakazozitoa mezani.

Kwa hiyo usilichukulie kama kura ya kupoteza muda. Ni ushahidi. Unaweza kuwainua wanawake au kuwaangusha, kutegemea lilivyotungwa na anavyolisoma aliyelishika.

2. Title IX ni nini?

Ni sehemu ya sheria ya elimu iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 23 Juni 1972. Wenyewe huitamka "taito naini". Kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 37 kwa Kiingereza: mtu asitengwe, asinyimwe faida wala asibaguliwe kwa sababu ya jinsia katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu. Karibu kila chuo hupokea fedha hizo, walau kupitia misaada ya ada ya wanafunzi, basi karibu kila chuo kimo, cha umma kwa cha binafsi.

Miongoni mwa walioipigania bungeni ni Patsy Mink wa Hawaii, Edith Green wa Oregon na Seneta Birch Bayh wa Indiana. Mink alipofariki mwaka 2002, sheria ikapewa jina lake. Neno "michezo" halimo katika sentensi ile.

3. Kama michezo haikutajwa, iliingiaje?

Kwa mlango wa kanuni. Mwaka 1974 Seneta John Tower wa Texas alijaribu kuiweka kando michezo inayoingiza fedha, na alishindwa. Kanuni zilipotoka mwaka 1975, zilitaka chuo kiangaliwe kama michezo kinayoitoa inakidhi *hamu na uwezo* wa jinsia zote mbili. Maneno hayo mawili ndiyo mama wa madodoso yote. Maana mtu akishaambiwa akidhi hamu ya watu, swali linalofuata ni: hamu hiyo nitaijuaje?

Tarehe 11 Desemba 1979 serikali ilitoa ufafanuzi wenye vigezo vitatu, na vinatumika hadi leo.

4. Vigezo hivyo vitatu ni vipi?

Chuo kinatakiwa kutimiza kimoja tu, si vyote.

Cha kwanza ni uwiano: sehemu ya wanawake kati ya wanamichezo ikaribiane na sehemu yao kati ya wanafunzi. Cha pili ni mwenendo: chuo kionyeshe kwamba kimekuwa kikiongeza nafasi za wanawake, na bado kinaendelea kuziongeza kadiri hamu yao inavyokua. Cha tatu ni kwamba, hata kama idadi hazilingani, hamu na uwezo wa wanawake waliopo vimeshakidhiwa kikamilifu na timu zilizopo.

Sheria yenyewe haisemi "wanawake". Inasema jinsia yenye uwakilishi mdogo. Vyuoni, mara nyingi kupita kiasi, hao ni wanawake, ndiyo maana naandika hivyo hapa.

5. Uwiano unahesabiwaje?

Huhesabiwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaosoma muda wote, wakiwemo wa kutoka nje ya nchi, kisha wanamichezo wa timu rasmi za chuo.

Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ilitoa mfano mzuri katika waraka wake wa Januari 1996. Chuo kina wanamichezo 600. Wanawake ni asilimia 52 ya wanafunzi lakini asilimia 47 ya wanamichezo. Yaani wanaume ni 318 na wanawake 282. Kama idadi ya wanaume haiguswi, wanahitajika wanawake 62 zaidi ili hesabu ilingane. Watu 62 ni timu kadhaa, kwa hiyo chuo hicho hakijafikia uwiano. Chuo chenye wanamichezo 60 na asilimia zile zile kingehitaji wanawake wasiozidi 6, ambao pengine hawatoshi kuunda timu, na hicho kinaweza kuhesabiwa kimefika.

Utaona basi kwamba asilimia peke yake haisemi kitu. Kinachoulizwa ni kama pengo lililobaki linatosha timu moja iliyo hai.

## Dodoso linavyotumika

6. Linahusu kigezo kipi kati ya vitatu?

Hasa cha tatu. Chuo kilichofikia uwiano hakina haja kubwa ya kuuliza. Chuo kilichoegemea kigezo cha pili hulitumia kujua kiongeze nini. Lakini chuo ambacho hakina uwiano wala historia ya kuongeza hubaki na utetezi mmoja: "wanawake wetu hawana hamu zaidi ya hii". Hapo dodoso huwa shahidi mkuu, na ndipo vurugu zilipoanzia.

7. Nisipojibu, kimya changu kinahesabiwa nini?

Leo hakipaswi kuhesabiwa kitu. Kulikuwa na miaka mitano ambapo kilihesabiwa.

Tarehe 17 Machi 2005 Ofisi ya Haki za Kiraia ilitoa waraka pamoja na dodoso la mfano. Chuo kiliruhusiwa kulituma kwa barua pepe kwa wanafunzi wote, na asiyejibu akachukuliwa kuwa hana hamu. Matokeo yakionyesha kwamba wenye hamu na uwezo hawatoshi timu, chuo kilihesabiwa kimetimiza kigezo cha tatu, isipokuwa pawe na ushahidi mwingine wenye nguvu, kama vile timu ya wanawake iliyofutwa karibuni.

Fikiria maana yake. Barua imeingia wiki ya mitihani. Au imeangukia kwenye kapu la takataka. Au binti ameifungua kwenye simu, akakuta kurasa, akasema nitairudia jioni, na jioni ile haikufika. Wote hao walikuwa wamepiga kura ya "hapana" bila kujua kwamba kura inapigwa.

Pwani kwetu mwari akiulizwa kama ameridhia ndoa akanyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa ndiyo. Waraka wa 2005 ulikichukua kimya kama hicho ukakifanya hapana. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinamtwika mnyamavu neno ambalo hakulisema.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliwaomba wanachama wake mwaka ule ule wasilitumie dodoso hilo. Wapo waliolitetea, ikiwemo Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani, iliyopendekeza mwaka 2010 kwamba vyuo vilitumie. Lakini tarehe 20 Aprili 2010 waraka uliondolewa, na Makamu wa Rais Joe Biden ndiye aliyetangaza, katika Chuo Kikuu cha George Washington. Tangu hapo msimamo ni kwamba kutojibu si ushahidi wa kukosa hamu.

8. Kwa hiyo madodoso yamekatazwa?

Hapana. Yanaruhusiwa, na yakifanywa vizuri yanafaa sana. Kilichokatazwa ni kulifanya dodoso kuwa shahidi pekee. Waraka wa 2010 unataka vitu kadhaa viangaliwe kwa pamoja: maombi ya wanafunzi ya kuanzishiwa timu au kupandishwa klabu yao iwe timu rasmi, wingi wa watu katika klabu na bonanza za ndani ya chuo, mahojiano na wanafunzi na makocha, michezo waliyoicheza sekondari wale waliodahiliwa, na michezo iliyoshamiri katika shule na ligi za mitaa ya maeneo ambako chuo huchota wanafunzi.

Hicho cha mwisho nakipenda. Kama shule za sekondari za jimbo zima zimejaa wasichana wa soka, na dodoso la chuo linasema hakuna anayetaka soka, mwenye kosa ni dodoso.

9. Wanawake wengi wakisema wenyewe kwamba hawapendi michezo, kwa nini wasiaminiwe?

Hili ndilo swali lenyewe, na lilifika mahakamani.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Brown, ili kubana matumizi, kiliziondolea ufadhili timu nne: jimnastiki na mpira wa wavu za wanawake, gofu na polo ya majini za wanaume. Kwa macho ni sawa, mbili kwa mbili. Lakini wakati huo wanawake walikuwa karibu asilimia 48 ya wanafunzi na karibu asilimia 37 tu ya wanamichezo. Wanajimnastiki na wachezaji wa wavu wakashtaki, na kesi ikaitwa kwa jina la mmoja wao, Amy Cohen.

Brown ilijitetea kwa takwimu za hamu. Ilidai wanawake wana hamu ndogo ya michezo kuliko wanaume, basi nafasi zigawanywe kwa kufuata hamu. Mahakama ya Rufaa iliyoko Boston ilikataa mwaka 1993, ikarudia kukataa mwaka 1996. Hoja yake ni kwamba hamu na uwezo haviibuki mahali patupu, bali hukua kwa kadiri mtu alivyopata nafasi na uzoefu. Ukipima hamu ya watu walionyimwa nafasi, unachopima ni kule kunyimwa, kisha unakitumia kuwanyima tena. Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi hiyo mwaka 1997, na hukumu ikabaki.

Ushahidi wa mitaani unakubaliana na majaji. Mwaka wa masomo 1971–72, wasichana waliocheza michezo ya sekondari Marekani nzima walikuwa 294,015, na wavulana zaidi ya 3,600,000. Kufikia 2018–19 wasichana walikuwa zaidi ya 3,400,000. Hawakuzaliwa na damu tofauti na ya bibi zao. Kilichobadilika ni kwamba paliwekwa uwanja, mpira na kocha. Dodoso la mwaka 1971 lingewakuta bibi hao hawana hamu, na lingekuwa limesema kweli kwa namna isiyofaa kitu. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

10. Dodoso zuri likoje, na baya likoje?

Zuri linaanza kwa kusema wazi lengo lake: kwamba majibu yanaweza kuamua kama chuo kitaanzisha timu. Watu hujibu tofauti wakijua jambo lina uzito. Linataja michezo mingi na kuacha nafasi ya kuandika usioorodheshwa. Linauliza mambo mawili kwa kuyatenganisha: umecheza nini (sekondari, klabu, mtaani), na ungependa kucheza nini hapa chuoni. Linawafikia na waliodahiliwa ambao bado hawajaripoti.

Njia ya kulifikisha ni nusu ya kazi. Kuliweka katika hatua za kujisajili masomo, mwanafunzi asipite bila kulijaza au kuandika kwamba hataki kujibu, huleta majibu mengi. Barua pepe moja ya Ijumaa jioni huleta machache, na mwenye kuituma anajua.

Baya utalitambua kwa maswali yake. "Je, una kiwango cha kushindana katika timu ya chuo kikuu?" Hili ni la kumtisha mtu. Wasichana wengi wataandika hapana, hata waliokuwa nahodha wa shule, na msimamo wa tangu 2010 ni kwamba mtu kujishusha au kuacha kujisifia hakuthibitishi kwamba hana uwezo. Baya jingine ni lile linalouliza tu kama umeridhika na michezo iliyopo. Mtu anaweza kuridhika na ugali kwa sababu hajawahi kuletewa pilau.

11. Waliojibu ni wachache. Majibu yasomwe vipi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kina wanawake 6,000, waliojibu ni 900, na kati yao 40 wanataka mpira wa magongo. Asiyetaka timu atasema: 40 kati ya 6,000, hata asilimia 1 haifiki. Mwenye kuitaka atasema: 40 kati ya 900 ni zaidi ya asilimia 4, zidisha kwa wote utapata zaidi ya 260.

Wote wawili wanavuta kamba. Wa kwanza amewajibia watu 5,100 ambao hakuwasikia. Wa pili amesahau kwamba wapenda michezo huenda ndio waliokimbilia kujibu. Lakini kigezo cha tatu hakiulizi asilimia. Kinauliza kama wapo wa kutosha timu. Timu ya magongo ina wachezaji 11 uwanjani na wa akiba pembeni. Watu 40 waliojiandikisha wenyewe ni sababu tosha ya chuo kuwaita, kuzungumza nao na kuwafanyia majaribio, iwe wengine 5,100 wanapenda magongo au wanayachukia.

## Kwa anayejaza

12. Nikiandika "ndiyo" nimejifunga kucheza?

Hapana.

13. Sijawahi kucheza timu yoyote. Nijaze nini?

Jaza ukweli wa pande zote mbili: kwamba hukucheza, na kwamba ungependa. Hilo la pili ndilo hamu, na uwezo unapimwa kwa njia nyingine. Waraka wa 1996 unasema wanafunzi hawatakiwi kuwa tayari katika kiwango cha timu zilizopo. Inatosha wawe na uwezo wa kukua na kuibeba timu. Kupiga makasia ni mfano: makocha wengi wa vyuo huwapokea wanawake ambao hawajawahi kuushika mtumbwi, wakiwatazama urefu, mapafu na moyo wa kuamka alfajiri.

Na usijidharau. Ulikimbia kilomita kadhaa kwenda shule kila siku, ukaicheza UMISSETA ya wilaya, ukapanda ngazi ya mkoa: yote hayo yaandike. Msomaji wa dodoso hajui UMISSETA ni nini, basi eleza kwa maneno machache kwamba ni mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari Tanzania.

14. Napenda netiboli, haimo kwenye orodha. Niiandike?

Iandike, lakini ujue itakwama wapi. Kigezo cha tatu kina maswali matatu ndani yake: ipo hamu isiyokidhiwa, upo uwezo wa kuibeba timu, na yapo matarajio ya kupata wapinzani katika eneo ambalo chuo hushindana? La tatu ndilo litakalokuangusha. Netiboli inayojaza viwanja vya Kampala na Lilongwe haina ubingwa wa NCAA, na chuo hakilazimishwi kuanzisha timu isiyo na wa kucheza nayo.

Ila netiboli yako inakuelezea wewe. Mfungaji mrefu wa netiboli ana mikono ambayo kocha wa kikapu au wavu angependa kuiona. Andika netiboli, kisha weka alama kwenye kikapu.

15. Niko kwa viza ya mwanafunzi. Majibu yataniathiri?

Dodoso la hamu ya michezo halihusiani na viza. Unahesabiwa kama mwanafunzi mwingine yeyote (swali la 5), na hamu yako ni hamu. Ukiacha jina na simu, mtu wa idara ya michezo anaweza kukutafuta, na hiyo ndiyo shabaha. Kuichezea chuo ni jambo jingine lenye masharti yake: katika madaraja ya kwanza na ya pili ya NCAA lazima kwanza uidhinishwe na kituo chao cha sifa za wachezaji, kwa vyeti vya sekondari na historia yako ya uchezaji.

16. Mimi ni mwanaume. Linanihusu?

Kama umetumiwa, lijaze. Kama wanaume ndio wachache kwenye michezo ya chuo chenu ukilinganisha na idadi yao darasani, sheria inakulinda wewe.

## Kona ngumu

17. Wachezaji wengi husajiliwa kutoka nje. Kuwauliza waliopo kunasaidia nini?

Swali zuri, na majibu yake yanatuhusu watu wa Afrika Mashariki kuliko tunavyojua. Hakuna kocha wa futiboli (ile ya Kimarekani, si soka) anayesubiri dodoso ili ajaze kikosi. Anasafiri, anapiga simu, anatoa ufadhili. Sasa ukiwauliza wanawake waliopo chuoni kama wanataka mchezo ambao chuo hakina, umewauliza watu waliochagua chuo hicho wakijua mchezo wao haupo. Aliyeutaka kwa dhati alikwenda kwingine.

Sally Kipyego hakuonekana kwenye dodoso la chuo chochote alipokuwa Kenya. Alianzia chuo cha miaka miwili cha South Plains, akahamia Texas Tech, akatwaa mataji 9 ya NCAA, na mwaka 2012 akaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya mita 10,000. Sharon Lokedi alikwenda Kansas, akawa bingwa wa NCAA wa mita 10,000 mwaka 2018, kisha akashinda marathoni ya New York mwaka 2022 na ya Boston mwaka 2025.

Nafasi kama zao nyingine zilitokana na hesabu za Title IX. Kwa miaka mingi daraja la kwanza la NCAA liliruhusu ufadhili kamili 18 kwa timu ya riadha ya wanawake na 12.6 tu kwa ya wanaume, kwa sababu futiboli peke yake ilikuwa imemeza 85 upande wa wanaume na ilibidi mizani irudishwe mahali. Mfumo huo ulibadilika mwaka wa masomo 2025–26, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House mwezi Juni 2025. Sasa kinachowekewa ukomo ni idadi ya wachezaji kikosini. Lakini dada wengi wa Eldoret na Iten walisoma kwa ile 18.

18. Futiboli inahesabiwa? Hakuna mchezo wa wanawake wenye watu wengi hivyo.

Inahesabiwa. Tazama swali la 3 kuhusu Seneta Tower. Kikosi chaweza kupita watu 100, na ndiyo maana chuo chenye futiboli huhitaji timu kadhaa za wanawake kujaza pengo.

19. Je, chuo kinaweza kusawazisha kwa kufuta timu za wanaume?

Kinaweza, sheria haikatazi, na mahakama zimeruhusu. Mieleka ya wanaume imeumia sana kwa njia hii, na uchungu wa wanamieleka ni wa haki. Hata hivyo Ofisi ya Haki za Kiraia ilisema katika waraka wa Julai 2003 kwamba kufuta timu si njia inayopendelewa. Mara nyingi uamuzi wa kufuta mieleka ni uamuzi wa bajeti, chuo kikichagua kulinda futiboli, kisha lawama ikatupiwa wanawake.

Kuna kichekesho humo. Mieleka ya wanawake imekua hadi NCAA ikaipitisha Januari 2025 kuwa ubingwa wake wa 91. Dodoso gani la mwaka 1990 lingeliona hilo?

20. Ushangiliaji unahesabiwa kama mchezo?

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Quinnipiac, Connecticut, kilitangaza kufuta wavu ya wanawake na kuweka ushangiliaji wa mashindano. Mahakama ilisema mwaka 2010, na ya rufaa ikakubali mwaka 2012, kwamba kwa wakati huo ushangiliaji huo haukuwa na ligi, sheria wala mashindano yaliyojipanga kiasi cha kuhesabiwa. Haikusema kwamba hautakuja kuwa.

21. Chuo kimefuta timu yetu ya wanawake, sasa kinaleta dodoso. Tulijaze?

Lijazeni, mkijua hamuanzi sifuri. Timu iliyokuwa hai ikifutwa karibuni, kule kuwepo kwake ni ushahidi wa hamu, uwezo na wapinzani, na ni juu ya chuo kuonyesha kwamba mambo yamebadilika. Wekeni nakala ya dodoso, tarehe lilipotumwa na njia iliyotumika. Swali la 10 litawasaidia kulikagua.

22. Kenya au Tanzania kuna sheria kama hii?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 27, inapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia na inataka isizidi theluthi mbili ya jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Hiyo inahusu viti vya uongozi, si nafasi kikosini. Vigezo vitatu vya kuhesabu wanamichezo wa vyuo ni mambo ya Marekani.

23. Tunataka timu. Tuanzie wapi?

Msingoje dodoso. Anzisheni klabu, wekeni daftari la mahudhurio, chezeni na klabu za vyuo jirani na mhifadhi matokeo. Kisha andikeni barua ya kuomba timu rasmi, yenye majina, sahihi na tarehe, mpeleke kwa mkurugenzi wa michezo na nakala kwa mratibu wa Title IX, ambaye kila chuo kinatakiwa kuwa naye. Ombi la maandishi lina uzito ambao alama kwenye dodoso haina.

Kabla ya kikao, someni ripoti ya usawa wa michezo ya chuo chenu. Sheria ya mwaka 1994 inavitaka vyuo vitoe hesabu za wachezaji na fedha kila mwaka, na mtu yeyote anaruhusiwa kuziona. Fanyeni hesabu ya swali la 5 kwa namba hizo.

Wakigoma, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia, kwa kawaida ndani ya siku 180 tangu tukio. Siku hizi msitegemee majibu ya haraka: mwezi Machi 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kufunga ofisi 7 kati ya 12 za kanda zinazoshughulikia kazi hiyo. Mnaweza pia kwenda mahakamani moja kwa moja bila kupitia ofisi hiyo, na kesi za Brown na Quinnipiac zote zilikwenda kwa njia hiyo. Kwa vyovyote vile, daftari la mahudhurio la klabu ndilo wakili atakaloliomba kwanza.